Isale la Elfu Arobaini na Tano

Mmea ukiwa shambani ni kichaka, na dawa ya kichaka ni panga. Uung'oe uutie kwenye kopo la rangi, ulipange kopo kando ya barabara kule Mikocheni, tayari ni ua, elfu nane. Uutoe kwenye kopo uuhamishie chungu cheupe, uufute vumbi majani yang'ae, umwambie mteja kwamba huu hauji mara kwa mara: elfu arobaini na tano, na hapo chungu hakijahesabiwa. Mimi ni mhasibu. Nimesomea ongezeko la thamani na uchakavu wa mali, nimeketi na wakaguzi wakali, lakini sikuwahi kuona bidhaa inayopanda bei kila ikihamishwa chombo, bila kuongezwa hata jani.

Biashara hiyo nimeijua kwa upande wa mnunuzi, tena mnunuzi asiyeulizwa. Mwenye mimea ni mke wangu. Kazi yangu mimi ni kulipa, kubeba, na kupishana nayo kwenye korido.

Alianza na mti wa pesa, ule unaotambaa, aliopewa ofisini ukiwa tawi moja ndani ya chupa ya maji. Kwao ni kisiwa cha Mo'orea, katikati ya Pasifiki, na wanaoamini mambo hayo husema huleta fedha ndani ya nyumba. Kwetu ulileta mimea mingine. Ikaja monstera, ya misitu ya kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati, ambayo majani yake hutoboka yenyewe mmea unapokua. Dada wa kazi hakuambiwa. Alipoona jani jipya linafunguka na matundu yake, aliupulizia mmea dawa ya mende, chupa nzima, akaja kutupa habari njema kwamba viwavi wameisha. Tangu hapo mke wangu akaanza kubandika karatasi za majina kwenye vyungu, ili kila mtu ajue anashughulika na nani. Mgeni akiketi sebuleni kwetu hutambulishwa kwanza kwa Zamioculcas na Dieffenbachia. Mimi hufuata, nikiwepo.

Nilipouliza kwa upole kama sasa haitoshi, nililetewa sayansi. Mwaka 1989, NASA, shirika la Marekani la anga za juu, lilitoa ripoti ya mtafiti wake Bill Wolverton iliyoonyesha kwamba mimea ya ndani huondoa hewani sumu za aina ya benzini na formaldehaidi. Nikanyamaza. Nitabishana vipi na watu waliofika mwezini? Nilichelewa kujua kwamba majaribio yale yalifanyika ndani ya visanduku vilivyozibwa, hewa isiingie wala isitoke, na kwamba mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, kule Philadelphia, walizipitia tafiti za namna hiyo wakapiga hesabu upya. Walisema hivi: ili mimea isafishe hewa ya chumba kwa kiasi kilekile kinachosafishwa na hewa inayopita yenyewe, inatakiwa kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba.

Hapo sasa walikuwa wameingia uwanja wangu. Sebule yetu ina mita za mraba 20. Nikachora jedwali: kima cha chini vyungu 200, kima cha juu 20,000, kwa elfu arobaini na tano kila kimoja, kima cha chini peke yake ni shilingi milioni tisa, gharama ya kufungua dirisha, sifuri. Nikaliweka mezani. Mke wangu alilisoma mpaka mwisho, kisha akazungusha macho sebuleni, midomo ikihesabu kimyakimya.

"Kwa hiyo bado mia moja na themanini," akasema.

Huyo Zamioculcas tulimnunua kwa kijana mmoja mwenye maneno matamu. "Mama, huu umetoka Uholanzi. Haufi."

"Haufi kabisa?"

"Ukifa nipigie simu. Nitakuja kuuona mwenyewe, maana sijawahi."

Tukalipa bei ya Uholanzi. Kumbe mmea ni wa hukuhuku. Huota wenyewe Kenya, Tanzania Bara, Zanzibar, ukashuka hivyo mpaka Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi vitaluni mwao katikati ya miaka ya 1990, ndipo ukatapakaa duniani. Kijana hakusema uongo. Aliruka tu nusu ya kwanza ya safari. Na habari ya kufa pia alisema kweli. Chini ya udongo mmea huo una viazi vinene vya kuhifadhi maji, na jani lake dogo moja likichomekwa ardhini huweza kuotesha mmea mzima, ukilisubiri bila haraka. Wetu ulisahaulika nyuma ya mlango wa stoo, gizani, bila tone la maji, tulipokuwa tunauguza wenzake. Tulipoukumbuka ulikuwa umetoa machipukizi. Mke wangu akaona haya, akauhamishia mahali pa heshima karibu na dirisha, akaanza kuumwagilia. Ukaanza kuumwa.

Lakini hakuna uliotutesa kuliko ule mdogo kuliko yote. Mke wangu ni Msambaa wa Lushoto. Siku moja alisoma kwamba lile ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya laini, linalokaa kwenye madirisha ya mabibi wa Ulaya, limetoka kwenye milima yao. Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake huko Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi, na jina lenyewe akalitoa kwa huyo Baron. Wajerumani mpaka leo hulitaja pamoja na Usambara. Wamarekani wana chama cha walipendao tangu 1946, na mashindano wanafanya. "Wana chama," mke wangu alisema, sauti ikitetemeka, "sisi hatuna hata moja ndani." Kuanzia hapo halikuwa tena jambo la mapambo. Lilikuwa la ukoo.

Akalipata kwa mama mmoja wa Masaki, na masharti yake yakaja kwenye karatasi. Lisimwagiwe maji juu ya majani, yataota mabaka. Lisipigwe na jua. Lisikae kwenye joto lipitalo digrii 27. Sasa hapo pana tatizo ambalo Baron hakulipata, maana yeye alilituma kwenye baridi. Huko kwao ua hili hukaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Dar es Salaam mwezi wa Februari digrii 27 huzipati hata usiku wa manane ukiwa umelala sakafuni. Nyumba yetu ina kiyoyozi kimoja, cha chumbani. Likalazwa chumbani. Kwa kuwa mke wangu alihofia tukilala humo pia tutaongeza joto, sisi tukahamia sebuleni na feni. Nilikuwa naamka usiku, nimelowa jasho, naenda kuangalia luku inavyoteremka, halafu napitia chumbani kulichungulia. Limetulia. Limepoa. Lina maua mawili.

Siku umeme ulipokatika tangu asubuhi hadi jioni, likaanguka shingo. Mke wangu alikaa nalo mapajani muda mrefu. "Limekumbuka kwao," akasema, na mimi, niliyekuwa nimeshapiga hesabu ya uniti, nikaona hapo si mahali pake.

Maji nayo yana kisa chake. Mwishoni mwa 2022 mvua zilichelewa, mto Ruvu ukapungua, jiji likaingia kwenye mgao. Watu wa Dar mnakumbuka. Nyumbani kwetu maji yalipangwa kwa vyeo: maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa monstera, ya kusuuzia nyanya yakaenda kwa mti wa pesa, na maji safi ya dumu, yale ya kuchemsha na kunywa, yakanyunyizwa kwenye jani la mmea mmoja wa kihindi unaopenda ukungu. Mimi nilikuwa naoga kwa kikombe. Kwa hali ile mtu angetarajia mimea ife kwa kiu. Ilikufa kwa gharika.

Ilikuwa hivi: kila mtu aliihurumia kwa siri. Mke wangu aliimwagilia alfajiri kabla ya kwenda kazini. Dada, akijua mama anaipenda na mama hayupo, aliimwagilia mchana. Mtoto akirudi shule alimalizia nayo maji ya kwenye chupa yake, na siku nyingine juisi. Na mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji matundu yake yote huzibwa, hewa inakosa njia, mizizi inaanza kuoza, na mzizi uliooza haunyonyi maji hata ukizamishwa ndani yake. Jani la juu linakuwa la njano, linalegea, linaonekana lina kiu. Basi mwenye huruma analiongezea. Nimeona hesabu nyingi za makampuni yaliyozama kwa njia hiihii, yakikopa kulipa mkopo, lakini haya ya kwetu yalikuwa na harufu.

Yule kijana wa Uholanzi tulipomrudia alicheka mpaka akashika mti. Chomeka kidole kwenye udongo, akasema, mpaka kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagia. Kikitoka na tope, ondoka nenda kaangalie televisheni. Akatuandikia na mchanganyiko: udongo mweusi, mchanga, pumba za mpunga, makumbi ya nazi yaliyosagwa, na samadi iliyoiva. Neno "iliyoiva" ndilo lililodondoka njiani. Bwana mmoja wa Tegeta alituletea gunia la samadi mbichi kwa bajaji, tukaipandisha ghorofa ya tatu, tukabadilisha udongo wa vyungu vyote jioni ileile huku madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Usiku ule kwenye kundi la WhatsApp la jengo letu, jirani wa ghorofa ya nne aliandika: "Habari za jioni wapendwa. Naomba kuuliza kwa heshima, nani anafuga mbuzi?" Watu wakajibu kwa vicheko. Mke wangu naye aliweka kicheko, ili tusijulikane.

Muda si mrefu wakaja watu wa afya wa mtaa, nyumba kwa nyumba, habari ya homa ya dengi. Dar iliwahi kupata mlipuko mkubwa wa dengi mwaka 2019, na mbu wake si yule wa mtaroni. Huyu hupenda maji safi yaliyotulia, hutaga kwenye ukingo wa chombo, na huuma mchana kweupe. Mama mmoja wa makamo, kitambulisho shingoni, tochi mkononi, aliinama kwenye sahani ya kwanza chini ya chungu, akamulika. Akaenda ya pili. Akaenda ya tatu. Viluwiluwi vilikuwa vinacheza ndani kwa furaha.

"Mama," alimwambia mke wangu, "hapa mnafuga."

Na safari hii jirani wa ghorofa ya nne alikuwa amesimama mlangoni, anasikia.

Desemba niipite haraka, kwa sababu mlinzi wetu ni mtu mwema na sitaki asikie. Sisi Wachagga Desemba hatubaki mjini, hilo halijadiliwi. Mimea ikaachwa kwa mlinzi na karatasi mbili za maelekezo. Hakuzisoma. Aliona tu kwamba viumbe vya Mungu vimefungiwa gizani, akavishusha vyote uani vikapate jua, na jua lenyewe la Dar la mwisho wa mwaka, saa saba mchana. Jani lililozoea kivuli cha pazia halina kinga ya jua la namna hiyo, linaungua. Tuliporudi tulikuta monstera imekuwa nyeupe kwa mabaka. Mlinzi akatupokea kwa tabasamu: "Bosi, zimenawiri, zimekuwa za kizungu."

Iliyopona ilikuwa michache, na mkubwa wao ulikuwa ule wa kwenye chungu cheupe. Shina nene lililokatwa juu, na mashada ya majani marefu ya kijani yaliyochongoka, yenye mstari wa njano katikati. Kibandiko kilisema Dracaena fragrans. Uliwekwa kati ya kochi na meza ya televisheni, peke yake, na ndio huo wa elfu arobaini na tano. Ulikuwa humo hivyohivyo mama yangu alipokuja kutoka Marangu kwa kliniki ya macho.

Mama alisimama mlangoni. Mke wangu akapiga goti, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mnaishi porini?"

Aliingia taratibu, akisukuma majani kwa mkono, akapita mti wa pesa, akapita Zamioculcas, kisha akafika kwenye ule mkubwa akasimama kabisa. Akaushika jani. Akautazama toka juu mpaka chini kwenye kile chungu cheupe. Akageuka kunitazama mimi, mwanawe wa kuzaa.

"Hapa mmepakana na nani?"

Nikaelewa, na nikashangaa nilivyopita hapo kila siku nisione. Ni isale. Mchagga yeyote aliyekulia nyumbani analijua isale kabla hajajua kusoma. Kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, huzungushiwa masale. Masale ndiyo mpaka, ndiyo hati, na mtu akiyang'oa hajang'oa mmea, amegusa ukoo. Na jani la isale lina kazi nyingine. Mtu akikosana na mwenzie vibaya, hachukui pesa wala maneno mengi. Anachukua jani la isale, analifunga fundo, anampelekea. Aliyeletewa isale anasamehe. Kulikataa ni jambo la kuogopwa, hata na watu wasioogopa polisi.

"Huku ni kwa nani na kule ni kwa nani?" Mama alikuwa anaonyesha kochi, halafu televisheni. "Au mmegombana? Niambieni kama mmegombana."

"Ni ua tu mama," mke wangu akasema. "Tumelinunua."

"Mmenunua isale."

"Ndiyo mama."

"Shilingi ngapi?"

Nilimpa mke wangu ishara kwa jicho, hakuiona. Wasambaa ni watu wakweli. Alipotaja bei, mama akatafuta kiti kwa mkono, bila kugeuza kichwa, akaketi.

"Na tena linaumwa," akasema baada ya kitambo. "Tazama lilivyopata njano katikati. La kwangu ni la kijani lote."

Tukamweleza kwamba huo mstari wa njano ndio uliopandisha bei. Hakujibu. Alikuwa anafikiri, na mimi namjua mama akifikiri. Akaniambia nilete kikokotoo. Mpaka wetu wa kusini, akasema, una masale mia mbili, nikipunguza sijaongeza; piga hesabu. Nikapiga. Milioni tisa. Ni mara ya pili milioni tisa inanitokea kwenye karatasi bila kupita benki.

"Basi mimi ni tajiri," mama akasema. "Na baba yako mdogo ni mwizi mkubwa kuliko nilivyodhani."

Niseme hapa kwamba mpaka huo wa kusini ndio unaotutenganisha na baba mdogo, na kwa muda mrefu mama amekuwa akidai kwamba masale ya upande ule yanasogea. Si kwa kishindo. Mwaka huu hatua moja, mwaka ule nusu. Baba mdogo, ambaye anaishi Kimara na hupanda nyumbani kwa likizo tu, husema masale hayatembei. Mama husema ya kwake hayatembei; ya baba mdogo yana miguu. Ugomvi ulikuwa umelala. Sasa ulikuwa umepata bei.

Siku zilizofuata mama alikagua mimea mingine kwa jicho jipya. Ile Alocasia yenye jani kubwa la mshale aliitambua papo hapo: gimbi. Hakukosea sana, ni ndugu wa karibu. Nilimkuta ameingiza kidole kwenye udongo, nikafurahi kwamba amejua habari ya kupima unyevu, kumbe anatafuta gimbi lenyewe lilipofikia. "Bado dogo," akasema. "Na nyama ya ng'ombe lingefaa." Usiku ule Alocasia ilihamia chumbani kwetu, na mlango ukafungwa kwa ufunguo.

Jumapili baba mdogo akaja kumjulia hali shemejiye. Baba mdogo ni mtu wa maneno. Akishika mazungumzo saa tano, saa nane anakuwa bado anasafisha koo, na katikati hakuna mwanya wa kupitisha hata kikohozi. Ndiyo silaha yake. Kila mara mama alipofungua mdomo kuanza habari ya mpaka, baba mdogo alikuwa ameshafika kwenye bei ya kahawa, au kwenye barabara ya lami ya Mwika, au kwenye ushirika wa enzi zile. Tulikula ndizi nyama yeye akizungumza. Tulinawa yeye akizungumza. Halafu nyama ikamkwama kwenye jino. Kibati cha vijiti kilikuwa kitupu. Bila kukatisha sentensi akanyoosha mkono pembeni ya kochi, kwenye mmea wa majani mapana yenye madoa meupe, akavunja kikonyo, akakichana, akaanza kuchokonolea jino, akikitafuna kidogo ncha ilainike.

Kibandiko kilikuwepo. Kilisema Dieffenbachia. Hakikusema zaidi.

Ndani ya shina na majani ya mmea huo kuna fuwele ndogo zisizoonekana, zilizochongoka mithili ya sindano, za kalsiamu oksaleti. Zikitafunwa huchoma ulimi na kuta za mdomo, na ulimi huvimba. Ni zilezile zinazofanya magimbi yasiliwe mabichi. Baba mdogo alikuwa kwenye habari za Uchaguzi Mkuu fulani wa zamani aliposita. Akameza mate. Akajaribu neno moja, likatoka nusu. Akashika shingo, macho yakamtoka, mate yakaanza kumchuruzika kidevuni, na sebule yetu ikawa kimya kiasi cha kusikia feni.

Dada alikimbia duka la dawa la chini ya jengo akarudi na jibu: asukutue kwa maji mengi, anywe maziwa baridi, na akianza kupumua kwa shida apelekwe hospitali mbio. Tukamtazama kifua. Anapumua vizuri. Amekosa ulimi tu. Mke wangu akamletea maziwa ya friji na barafu kwenye kitambaa, huku akimuomba radhi na huku, nilimwona, akikagua kikonyo kimevunjikia wapi.

Mama alisubiri ameze maziwa kidogo. Akavuta kiti chake mbele, mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Shemeji," akasema, "sasa tuzungumze habari ya mpaka."

Na akazungumza. Alianza na mwaka aliozikwa marehemu baba, akaja kwenye mgomba uliokuwa wetu na sasa uko kwake, akaja kwenye mfereji, akaja kwenye kila hatua na kila nusu hatua, na mashahidi wake kwa majina, na waliokufa miongoni mwao. Baba mdogo akiinua kidole kupinga, sauti iliyotoka ilikuwa ya bata. Akikishusha, mama anaendelea. Mwisho akamtajia bei. Elfu arobaini na tano kwa isale moja, shemeji, hapa mjini, uliza mhasibu. Mimi nikatikisa kichwa kukubali, kitaalamu.

Baba mdogo alinitazama mimi, akamtazama mama, akatazama kikonyo kilicholala mezani. Sijui alifikiri nini. Akainuka, barafu mdomoni, akaenda mpaka kwenye chungu cheupe kati ya kochi na televisheni. Akachagua jani refu la juu kabisa, zuri kuliko yote, akalivunja. Akalifunga fundo taratibu, jinsi wazee wanavyofunga. Akarudi, akainama, akalitoa kwa mikono miwili.

Mama hakutarajia. Alilitazama lile jani lenye mstari wa njano, nikaona midomo yake ikicheza. Naye alikuwa bado na mengi ya kusema, mpaka wa kaskazini alikuwa hajaugusa. Lakini isale ni isale. Akalipokea.

"Yameisha," akasema. "Yatarudi yalipokuwa?"

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa mara tatu, mate yakidondoka kwenye zulia.

Hapo ndipo mke wangu alipotoka jikoni na maziwa mengine. Aliona chungu kwanza. Hakuona mikono iliyoshikana wala machozi ya mama. Aliona shada la juu limebaki na pengo katikati, utomvu ukitoka.

"Nani amelikata?" Hakuna aliyejibu; mmoja hakuweza. "Baba mdogo, ni wewe? Lilinusurika Desemba nzima! Lile moja!"

Baba mdogo alishtuka. Ni mtu wa maneno, lakini ana adabu, na huyu ni mkwe. Akaweka mkono kifuani, akatoa sauti ya bata iliyojaa majuto, isimtoshe. Akageuka, akanyoosha mkono tena kwenye chungu, akashika jani la pili.

"Anafanya nini? Mama, mwambie aache! Anafanya nini?"

"Anataka kukuomba msamaha, mwanangu," mama akasema. "Mwache avunje. Ndiyo desturi."

"Asivunje!" Mke wangu alikuwa ameshaukumbatia mmea mzima, chungu na vyote. "Mwambieni aniombe kwa mdomo!"